Mpagazi wa Shaba Bado Anadai



Kila siku wengi wetu tunapita Kenyatta Avenue katika Nairobi. Tunapita mbio, maana tajiri hangoji mtu na gari la jioni halingoji mtu. Pale wamesimama watu watatu wa shaba juu ya jiwe. Mmoja ni askari wa K.A.R., mmoja ni askari wa Kiarabu, na wa tatu ni mpagazi. Sanamu hizo ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, na zilifunuliwa mwaka 1928. Chini yake yameandikwa maneno kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, mwandishi mkubwa wa Waingereza. Maneno hayo yanasema kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwisho yanatoa ahadi: kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Sasa ndugu, siku moja simama kidogo ulizunguke jiwe lile pande zote. Tafuta jina la mpagazi mmoja. Hutalipata. Ahadi ya jina imeandikwa kwa lugha tatu, na jina lenyewe halipo hata kwa lugha moja.

Tunaandika jambo hili katika karatasi ya chama cha wafanya kazi, wala hatukuwaachia wazee wa jeshi, kwa sababu yule wa tatu hakuwa askari. Alikuwa mfanya kazi. Alipewa mzigo, nambari na posho. Alikuwa na mwajiri, alikuwa na nyapara, alikuwa na mshahara wa mwezi uliokatwa na watu wengine bila yeye kuulizwa. Akafa kazini. Na mfanya kazi akifa kazini yako maswali matatu ambayo kila katibu wa tawi anayajua hata ukimwamsha usiku wa manane. Alikuwa nani? Alikuwa akidai kiasi gani? Jamaa zake wamepata nini? Kwa mpagazi wa shaba maswali yote matatu hayajajibiwa, na miaka imepita zaidi ya mia.

Vijana wengine hawajui ilikuwaje, basi tuseme. Vita vilianza Agosti 1914. Waingereza walikuwa Kenya, ambayo siku hizo iliitwa British East Africa, na Wajerumani walikuwa ng'ambo ya mpaka, Tanganyika ya baadaye. Nchi ile ilikuwa na mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu. Motokaa zilikuwa chache na barabara hazikuwapo. Reli ilitandikwa kutoka Voi kuelekea Maktau mwaka 1915, ikafika Taveta baadaye, lakini reli haimfuati askari porini mpaka Rufiji. Kilichobaki ni kichwa na mgongo wa Mwafrika.

Tufanye hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu za mishahara na hatuogopi namba. Mpe mtu mzigo wa unga ratili 60. Yeye mwenyewe lazima ale, tuseme ratili 3 kwa siku. Akitembea siku kumi mbele na siku kumi kurudi, amekula mzigo wote, na askari hakupata hata kijiko. Kwa hiyo kila jeshi lilipozidi kwenda mbali, walitakiwa wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi waliobeba chakula cha wapagazi wengine. Wakubwa wa jeshi waliiona hesabu hiyo, wakachagua njia mbili za kuitengeneza: kuongeza watu, na kupunguza posho. Ndiyo maana waliohitajika hawakuwa elfu chache. Katika vita vile vya Afrika Mashariki, Waingereza walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja kutoka nchi mbalimbali.

Walipatikanaje? Mwanzoni wengine walijiandikisha kwa hiari, wakifikiri ni kazi ya safari kama safari nyingine. Habari za vifo zilipofika vijijini hiari ikakoma. Basi mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu, na mwaka 1917, chini ya John Ainsworth, ikafanywa ile kamata-kamata kubwa ambayo wazee waliisimulia mpaka wakaingia kaburini. Ndani ya miezi michache walitolewa watu zaidi ya laki moja. Machifu walipewa hesabu ya vichwa, nao wakaleta vichwa. Mtoto wa maskini ndiye aliyehesabiwa kwanza, kama kawaida.

Na mshahara? Vita vilipoanza mpagazi alilipwa rupia 10 na zaidi kwa mwezi. Baadaye ikateremshwa mpaka rupia 5. Kazi haikupungua, mzigo haukupungua, hatari iliongezeka, na mshahara ukakatwa nusu. Kwa nini? Kwa sababu matajiri wenye mashamba waliogopa kwamba mtu akizoea rupia 10 vitani atazitaka na shambani. Ndugu, soma maneno hayo tena polepole. Mishahara ya watu waliokuwa wakifa ilishushwa ili mishahara ya watu walio hai isipande. Tangu tuanze kujifunza mambo ya matajiri hatujasikia mfano ulio wazi kuliko huo.

Hawakufa kwa risasi, au tuseme waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Waliuawa na kuhara damu, kichomi, malaria na njaa. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, watu ambao kwao walizoea ndizi, au maziwa, au wimbi. Hawakupewa masufuria ya kutosha wala kuni wala nafasi ya kuupika ukaiva. Tumbo likaharibika, na mtu mwenye tumbo bovu akabebeshwa mzigo katika mvua. Watu wa nyanda za juu waliteremshwa katika joto la pwani na mabonde ya mto Rufiji, na blanketi moja. Mwaka 1917 Rufiji ilipofurika, mambo yalikuwa hayasemeki. Hatusemi kwamba kila Mzungu aliyekuwako alikuwa na moyo wa jiwe. Oscar Watkins, aliyewekwa kuongoza kazi ya wapagazi, aligombana na wakubwa wa jeshi mara kwa mara juu ya chakula na matibabu ya watu wake, na jambo hilo tunalitaja kwa haki. Lakini mtu mmoja kugombana ofisini si kitu mbele ya jeshi lenye haraka.

Waandishi wa historia wanasema kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza ni kama 95,000 kwa hesabu ya chini, na kwamba kutoka Kenya peke yake walikufa kama 45,000. Yaani karibu mwanamume mmoja mzima katika kila wanane. Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni huko London aliandika kwamba vita vya Afrika Mashariki havikugeuka kuwa aibu kubwa mbele ya watu kwa sababu tu walioteseka zaidi walikuwa wapagazi, na nani basi anajali habari za wapagazi wa Kiafrika. Aliandika hivyo kwa wino, kazini, kwa mshahara wake kamili.

Sasa turudi kwenye jiwe la Nairobi.

Mwaka 1917, mwezi wa Mei, Waingereza waliunda Tume ya Makaburi ya Vita. Sheria yake ya kwanza ilikuwa nzuri sana: kila aliyekufa aheshimiwe sawa, bila kuangalia cheo. Jenerali na askari wa kawaida wapate jiwe la namna moja, lenye jina. Na asiyejulikana kaburi lake, jina lake lichongwe ukutani. Hayo waliyafanya kweli, hatuwezi kukataa. Huko Ubelgiji, mjini Ypres, waliujenga mlango mkubwa wa Menin, na juu yake wakachonga majina zaidi ya 54,000 ya watu ambao miili yao haikuonekana. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1927. Huko Ufaransa, Thiepval, wakachonga majina zaidi ya 72,000.

Linganisha miaka, ndugu. 1927, majina 54,000 Ubelgiji. 1928, sanamu tatu Nairobi na jina hakuna. Tume ni ile ile, kalamu ni ile ile, mabwana ni wale wale. Basi mtu asituambie kwamba wapagazi hawakuandikwa kwa sababu miili haikuonekana. Ya Ypres haikuonekana pia. Wala asituambie kwamba walikuwa wengi mno. Wapagazi 45,000 wa Kenya wangeenea kwenye mlango wa Menin na nafasi ingebaki.

Hata Kipling mwenyewe, mtunga maneno, alifiwa na mwanawe wa pekee, John, katika vita vya Loos mwaka 1915. Alimtafuta miaka mingi na mwili hakuupata maishani mwake. Tunamhurumia kama mzazi, maana kufiwa hakuna rangi. Lakini jina la John Kipling lilichongwa kwenye ukuta wa Loos, na herufi zake zinasomeka. Baba wa Kikamba, baba wa Kijaluo, baba wa Kinandi, baba wa Kikikuyu, baba wa Kigiriama, naye alimtafuta mwanawe. Yeye alipewa sanamu ya mtu asiyemjua, na ahadi.

Kwa nini walitenda hivyo? Hatuna haja ya kubahatisha, kwa sababu walisema wenyewe. Mwaka 1923 katika mkutano huko London, Gavana Guggisberg wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alisema kwamba mwenyeji wa kawaida wa nchi ile hangefahamu wala kuthamini jiwe la kaburi. Ofisa wa Tume akajibu kwamba labda baada ya miaka mia mbili au mia tatu, wenyeji wakistaarabika, watafurahi kuona mawe. Na katika Tanganyika, Gavana Horace Byatt alionelea kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo, wala yeye hakupenda kuitazama hesabu ya Waafrika waliokufa. Ndivyo ilivyoamuliwa. Badala ya kaburi na jina, Mwafrika apewe sanamu ya jumla: Dar es Salaam askari mmoja, aliyesimamishwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann, na nyingine Mombasa, na hizi zetu tatu za Nairobi.

Basi sanamu ile, ijapokuwa imetengenezwa na fundi hodari, si zawadi iliyoongezwa juu ya haki. Iliwekwa mahali pa haki. Ni sawa na tajiri anayekuita mbele ya watu, akakuvisha shada la maua, akakupiga picha, halafu mwisho wa mwezi ukaenda kwa karani ukaambiwa kwamba shada ndilo mshahara.

Wengine husema: lakini Waafrika wa siku zile hawakuandikwa, Serikali ingejuaje majina yao? Ndugu, hapa ndipo tunapotaka kila mtu asikilize vizuri. Wapagazi waliandikwa. Kila mmoja alikuwa na nambari, maana pasipo nambari hakuna kulipa wala kumtafuta aliyetoroka. Tena vita vilipokwisha tu, Serikali ya Kenya ikaanza kutumia sheria ya kipande, iliyopitishwa mwaka 1915 na kuanza kazi miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi aliandikwa jina lake, kabila lake, chifu wake, alama za vidole vyake, tajiri wake na mshahara wake, na karatasi hiyo akaivaa shingoni ndani ya kikopo kama mbuzi na kengele yake. Makarani walipatikana. Karatasi zilipatikana. Fedha za kuandika laki na laki za watu zilipatikana. Serikali iliyokuwa na uwezo wa kujua jina la kila kibarua aliyeacha kazi Naivasha bila ruhusa, haikuwa na uwezo wa kujua jina la mpagazi aliyefia Rufiji? Jina la Mwafrika lilikuwa na kazi lilipotumiwa kumfunga. Lilipotakiwa kumheshimu, ghafula likawa gumu kuandika.

Na fedha zake nazo zilipotea namna hiyo hiyo. Wapagazi wengi walikufa wakiwa wanadai mishahara. Jamaa zao hawakuambiwa, au waliambiwa wakaenda bomani wakazungushwa mpaka wakachoka. Fedha zile zikabaki mikononi mwa Serikali. Wako waliosema basi zitumiwe kwa faida ya makabila waliyotoka marehemu, na mabishano kati ya Nairobi na London yakaendelea mpaka miaka ya 1930. Hazina ya London haikukubali kuzitoa. Sasa weka jambo hilo kando ya jingine. Mwaka 1919 Serikali iligawa mashamba kwa askari wa Kizungu waliotoka vitani, na kura za mashamba hayo zikapigwa katika jumba la Theatre Royal hapa Nairobi. Wanandi walinyang'anywa ardhi kwa ajili ya mpango huo, na Wanandi nao walikuwa wametoa askari na wapagazi. Wa Kizungu alipewa shamba. Mpagazi aliyebahatika kurudi hai alikuta njaa ya 1918, kisha homa kubwa ya mafua, kisha kipande, na mwaka 1921 matajiri wakatangaza kuikata mishahara kwa theluthi moja. Ndipo alipoinuka Harry Thuku, na Machi 1922 damu ikamwagika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi. Wengi waliokuwako siku ile walikuwa wameiona Kariokor. Chama cha wafanya kazi katika nchi hii hakikuzaliwa hotelini. Wakunga wake walikuwemo watu waliowahi kubeba ratili 60.

Leo Kenya inayo sheria ya mwaka 2007 juu ya watu wanaoumia kazini, na inasema mfanya kazi akifa kazini wanaomtegemea walipwe mishahara ya miezi 96. Chukua rupia 5 mara 96: rupia 480. Hatuleti hesabu hiyo ili tuipeleke mahakamani kesho. Tunaileta ili mtu aione sanamu kwa macho ya mlipwaji.

Tumesema kwamba sanamu iliwekwa badala ya makaburi. Basi twende makaburini. Voi, mahali ilipoanzia ile reli ya vita, kuna makaburi ya kijeshi yanayotunzwa vizuri. Majani yamekatwa. Mawe yamepangwa kwa mstari, na kila jiwe lina jina, na kikosi, na tarehe. Huko Taveta pia wamelala waliokufa Salaita, Februari 12, 1916, na wengine, kwa heshima zote. Hatuna chuki na maiti. Vijana wale walikuwa watoto wa watu, na wengi wao walikuwa wafanya kazi wa Johannesburg na London waliodanganywa kama sisi. Lakini ukitoka nje ya ua wa Voi, ukaingia vichakani, hapo ndipo walipofukiwa Waafrika. Hakuna jiwe. Hakuna mstari. Mwaka 2019 mbunge wa Uingereza David Lammy alipaonyesha mahali hapo katika filamu ya televisheni, na ndipo Waingereza wengi walipojua kwa mara ya kwanza. Sisi tunasema: ua ule wa Voi umeeleza historia ya Kenya kuliko vitabu vingi vya shule. Ndani jina, nje pori.

Kwa sababu ya filamu hiyo Tume iliunda kamati, na Aprili 22, 2021 kamati ikatoa taarifa. Ilikubali kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 waliokumbukwa, wengi wao kutoka India, Afrika na Misri, hawakukumbukwa sawa na wenzao. Ikakubali tena kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wa hao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Siku hiyo hiyo Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Tuliisikia radhi hiyo. Novemba 1, 2023 Mfalme Charles alifika hapa kwetu, akaenda kwenye makaburi ya vita ya Kariokor, akaweka shada na kuwapa wazee wachache wa vita vya pili medali za kuchukua mahali pa zile walizopoteza. Tuliona pia. Wazee wale walistahili, na wangestahili miaka sitini kabla.

Lakini radhi bila majina ni sanamu ya pili.

Na isisemwe kwamba majina hayapatikani. Katika hifadhi za jeshi letu hapa Kenya zimepatikana karatasi za zamani zenye majina kwa maelfu ya watu wa Afrika Mashariki waliotumika katika vita ile, karatasi ambazo watu waliofikiri wanajua kila kitu walidhani zimekwisha kuharibika. Tena tazama Cape Town. Januari 2025 ilifunguliwa bustanini kumbukumbu ya wafanya kazi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700, watu weusi na machotara, waliokufa katika vita hiyo hiyo bila kaburi linalojulikana. Nao hawakuchukua bunduki. Walikuwa watu wa mizigo, wa magari ya wanyama, wa bandari, wa mashimo na barabara. Hawakujengewa sanamu ya mtu mmoja wa kuwawakilisha wote. Kila mtu ana nguzo yake ya mti wa Afrika, na jina lake juu yake. Kama imewezekana kwa 1,700, kazi iliyobaki ni ya kuzidisha tu, nasi tulifundishwa kuzidisha.

Wako ndugu zetu wengine, na hasa vijana, wanaosema sanamu za Kenyatta Avenue ni za ukoloni, ziangushwe kama ilivyoondolewa sanamu ya Lord Delamere tulipopata Uhuru. Sisi hatukubali. Delamere alikuwa bwana mwenye shamba. Huyu ni mbeba mzigo. Mkoloni alimsimamisha pale kwa sababu zake, lakini yule ni wetu, na kumwangusha ni kumfukuza kazi mtu ambaye hata mshahara wake hajalipwa. Abaki. Jiwe lililo chini yake ndilo liongezwe.

Na wako wakubwa wetu wenyewe wanaosema kwamba jambo hili ni la Waingereza, waachwe walimalize. Hapana. Tangu Desemba 12, 1963 sanamu zile ziko katika mji wetu, na pori la Voi liko katika nchi yetu. Serikali tatu na nne na tano zimepita, na kila Novemba wakubwa na mabalozi huenda kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road wakasimama kimya dakika mbili, wakarudi katika magari yao. Dakika mbili hizo zingetosha mtu kusoma majina thelathini kwa sauti. Hatujasikia wizara iliyouliza kwa nini majina thelathini hayo hayapo. Mkoloni alisema Mwafrika hathamini jiwe la kaburi. Kiongozi wa Kiafrika anayekaa kimya anamtolea ushahidi.

Tunayotaka si mengi, na hayahitaji tume nyingine ya kula posho. Karatasi zote za wapagazi na askari, zilizoko London na zilizoko hapa, zifunguliwe, na nakala ziwekwe katika kila makao makuu ya kaunti mahali ambapo mzee anaweza kufika kwa miguu na kusomewa na karani. Majina yaandikwe kwenye ukuta, Nairobi karibu na sanamu, na Voi mahali walipolala. Na ua wa Voi usogezwe mpaka uwachukue waliofukiwa nje. Wakati wa kuamua ukuta huo uweje, wafanya kazi wawe na viti mezani, si wanajeshi na mabalozi peke yao, maana waliokufa walikuwa wafanya kazi. Na habari ya mishahara ya marehemu iliyozuiliwa ielezwe: ilikuwa kiasi gani, iliingia mfuko gani, na nani alitia sahihi.

Mwenye jamaa aliyekwenda Kariokor asirudi, au aliyerudi na habari za wenzake, atupe habari hizo. Andika jina la mtu huyo na jina la baba yake, mahali alipotoka, chifu aliyemtoa kama anajulikana, mwaka aliochukuliwa, na nambari yake kama kibati chake kingali sandukuni. Kama nyumbani ana jina moja tu, andika hilo moja. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake wa kazini. Karatasi zipelekwe kwa katibu wa tawi, naye asizikunje mfukoni. Azilete ofisini kabla ya mkutano wa matawi, ambako zitasomwa kwa sauti moja moja, kabla ya hotuba yoyote.